Bila kadi hupigi kura? Mjadala wa kitambulisho, kutoka Meru hadi Pemba

Ukifika sokoni Tengeru siku ya Jumatano au Jumamosi, mwombe mama anayeuza ndizi akufungulie pochi yake. Huenda ukakuta kadi ya mpiga kura yenye kona zilizochakaa, kitambulisho cha NIDA au kipande cha karatasi chenye namba ya tarakimu 20, kadi ya bima ya afya, kitabu cha VICOBA na pengine kadi ya chama. Muulize: katika hizi zote, ni ipi inayokupa haki ya kupiga kura? Wengi watakuonyesha kadi ya mpiga kura bila kusita.

Jibu hilo ni nusu ya ukweli. Haki ya kupiga kura inatoka kwenye Katiba. Kinachokuruhusu kuitumia siku ya uchaguzi ni jina lako kuwemo kwenye Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, katika kituo kile ulichoandikishwa. Kadi ni ushahidi tu kwamba wewe uliyesimama pale ndiye yule aliyeandikwa. Unaweza kuwa na kadi na jina lisionekane. Unaweza kuwa na jina na kadi ikawa imeliwa na mchwa. Hapo ndipo mjadala unapoanzia: nani athibitishe kuwa wewe ni wewe, na kwa karatasi gani?

Mjadala huu si wa Tanzania peke yake. Uingereza wameupitia, Marekani wanabishana nao kila mwaka, Kenya na Uganda wameufanya kuwa suala la mashine. Lakini kwetu una sura yake, na mkoa wa Arusha umeuona kwa karibu kuliko mikoa mingi. Tuuangalie taratibu.

Sheria inasemaje

Ibara ya 5 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inasema kila raia aliyetimiza umri wa miaka 18 ana haki ya kupiga kura. Ibara hiyohiyo inaliruhusu Bunge kutunga sheria ya kuzuia haki hiyo kwa sababu chache zilizotajwa: kuwa na uraia wa nchi nyingine, ugonjwa wa akili, kutiwa hatiani kwa makosa fulani ya jinai, na kushindwa kuthibitisha umri, uraia au uandikishwaji wako. Kwa hiyo anayesema kudai kitambulisho ni kinyume cha Katiba hayuko sahihi. Katiba yenyewe imeuacha mlango huo wazi. Ubishi wa kweli ni upana wa mlango.

Kuna hatua mbili, na watu wengi huzichanganya.

Hatua ya kwanza ni kuandikishwa. Hapa swali ni: je, wewe ni raia, umetimiza umri, na unaishi hapa? Tanzania Bara, kitambulisho cha Taifa hakijafanywa sharti la lazima la kuandikishwa. Mwombaji hueleza habari zake, hupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Mawakala wa vyama wanakuwepo kituoni. Baadaye daftari la awali hubandikwa hadharani ili mwenye pingamizi alete. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya ulinzi wa hatua hii ni macho ya majirani.

Hatua ya pili ni siku ya kura. Hapa swali ni moja tu: je, wewe ndiye uliyeandikwa? Unatoa kadi, karani anatafuta jina na picha yako kwenye daftari, unapewa karatasi, unapiga, unachovya kidole kwenye wino. Zile mashine za BVR ulizoziona wakati wa kuandikishwa hazikagui kidole chako siku hiyo. Kazi inafanywa na jicho la karani na masikio ya mawakala.

Na aliyepoteza kadi je? Katika uchaguzi wa 2020 na tena wa 2025, Tume iliruhusu mtu aliyemo kwenye daftari lakini kadi yake imepotea au imeharibika kutumia kimoja kati ya vitatu: pasi ya kusafiria, leseni ya udereva, au kitambulisho cha Taifa kutoka NIDA. Sharti ni kwamba majina yafanane na yaliyomo kwenye daftari. Shika neno hilo, "yafanane". Tutalirudia.

Tulikotoka

Kwa wazee wetu, suala la nani anastahili kupiga kura si geni. Uchaguzi wa kwanza wa kuchagua wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, mwaka 1958 na 1959, haukuwa wa kila mtu mzima. Ilibidi uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya kiwango kilichowekwa, au cheo kinachotambulika. Mkulima wa kahawa wa Meru aliyejua mipaka ya kila kihamba kijijini kwake lakini hakwenda shule alibaki nje. Kila mpiga kura alitakiwa pia kumchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu kwa mpigo. TANU iliugua juu ya masharti hayo katika mkutano wake wa Tabora wa Januari 1958, kisha ikaamua kushiriki na kushinda kwa masharti hayohayo.

Baada ya uhuru masharti ya mali na elimu yaliondoka. Kwa miaka mingi wapiga kura waliandikishwa upya kila uchaguzi ulipokaribia. Daftari la Kudumu lilianza kuandaliwa mwaka 2004, likatumika katika uchaguzi wa 2005. Mwaka 2015 likaandikwa upya kwa mashine za BVR, zoezi lililoanzia Makambako mkoani Njombe, na watu zaidi ya milioni 23 wakaandikishwa. Kufikia 2020 walikuwa zaidi ya milioni 29, na kwa uchaguzi wa Oktoba 2025 daftari lilikuwa na watu zaidi ya milioni 37.

Kila hatua ilikuwa na lengo la kuzuia udanganyifu. Na kila hatua iliongeza karatasi moja ambayo mwananchi anapaswa kuitunza ndani ya nyumba inayovuja.

Wanaotaka masharti yakazwe wana hoja

Hoja yao si ya kupuuzwa. Daftari likiwa na majina ya marehemu, waliohama na walioandikwa mara mbili, mtu mwenye nia mbaya anapata pa kuchezea.

Tuchukue mfano wa hapa nyumbani. Katika uchaguzi mdogo wa ubunge wa Arumeru Mashariki, Aprili 1, 2012, Joshua Nassari wa CHADEMA alimshinda Sioi Sumari wa CCM kwa kura 32,972 dhidi ya 26,757. Daftari la jimbo lilikuwa na wapiga kura zaidi ya 127,000. Waliojitokeza hawakufika nusu. Miaka miwili kabla yake, katika uchaguzi mkuu wa 2010, hali ilikuwa hivyohivyo nchi nzima: kati ya watu milioni 20.1 walioandikishwa, waliopiga kura walikuwa asilimia 42.8. Sehemu ya pengo hilo ni watu waliochoka au waliokuwa shambani. Lakini sehemu nyingine inaweza kuwa majina yasiyo na watu nyuma yake, kwa sababu daftari lisiposafishwa kwa miaka, vifo na uhamisho havijifuti vyenyewe. Ukiwa na daftari la aina hiyo, utamtofautishaje aliyekufa na aliyebaki nyumbani?

Mfano wa pili ni wa karibuni zaidi. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024 haukutumia Daftari la Kudumu. Ulitumia orodha yake, iliyosimamiwa na TAMISEMI na kuandikwa kati ya Oktoba 11 na 20, 2024. Hukupewa kadi. Ulitaja jina, ukatia saini au dole gumba, basi. Ni utaratibu mwepesi kwa mama wa kijijini, na kwa kitongoji ambako kila mtu anamjua mwenzake una mantiki yake. TAMISEMI ilitangaza kwamba watu 31,282,331 walijiandikisha, sawa na karibu asilimia 95 ya makadirio. Hapo hapo vyama vya upinzani vikalalamika kwamba orodha zina majina hewa na hata ya wanafunzi ambao hawajafika umri. Serikali ilitetea takwimu zake. Lakini kwa kuwa hapakuwa na picha wala alama ya kidole nyuma ya kila jina, mwananchi wa kawaida hakuwa na namna rahisi ya kuhakikisha nani anasema kweli. Huo ndio udhaifu wa orodha isiyo na kitambulisho: ikilalamikiwa, haina cha kujitetea nacho.

Wanaoogopa nao wana hoja

Upande wa pili unasema: ukikaza sana, anayebaki nje si mdanganyifu. Anayebaki nje ni bibi, mfugaji na kijana asiye na karatasi.

Ushahidi mzito kwa upande huu uko Zanzibar. Kule, ili uandikishwe kupiga kura za Zanzibar, unahitaji kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, maarufu kama ZanID, kilichowekwa kwa sheria ya mwaka 2005. Na ili upate ZanID unapita kwa sheha, ambaye ni mteule wa Serikali. Wapinzani wamelalamika kwa miaka mingi kwamba watu wao wanakwamia kwa sheha. Mwaka 2009 malalamiko hayo yalilipuka Pemba. Watu waliofika kwenye vituo vya kuandikisha bila ZanID walirudishwa, vurugu zikatokea, na Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar ikalazimika kusimamisha zoezi kwa muda. Suala halikuwa kitambulisho chenyewe. Suala lilikuwa nani ameshika mhuri. Kitambulisho kikitolewa na mtu mmoja asiye na wa kumkatia rufaa kwa urahisi, yeye ndiye anayekuwa tume ya uchaguzi ya mtaa ule.

Mfano wa pili uko mkoani kwetu. Agosti 2024, tangazo la Serikali namba 673 lilifuta kata, vijiji na vitongoji katika Tarafa ya Ngorongoro. Wakati huohuo wananchi wakalalamika kwamba taarifa zao za upigaji kura zinaonyesha vituo vya Msomera, wilayani Handeni, mkoani Tanga, mamia ya kilomita kutoka nyumbani kwao. Kadi walikuwa nazo. Uraia hakuna aliyeuhoji. Lakini kadi inayosomeka kwa kituo cha Msomera haimsaidii mtu anayelala Nainokanoka. Maelfu walitoka barabarani Agosti 18, na siku chache baadaye Mahakama Kuu Arusha ikasimamisha utekelezaji wa tangazo lile. Tukio hili linatukumbusha kwamba kitambulisho kinathibitisha wewe ni nani, ila daftari ndilo linaloamua wewe ni wa wapi. Ukihamishwa kwenye karatasi, umehamishwa kwenye kura.

Kisha kuna NIDA. Wasomaji wetu wengi wanaikumbuka misururu ya mwisho wa 2019 na Januari 2020, wakati kila laini ya simu ilipotakiwa kusajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA. Watu walilala nje ya ofisi. Muda uliongezwa kutoka Desemba 31 hadi Januari 20. Tangu hapo wengi wamepata namba, lakini kuna waliokaa na namba muda mrefu bila kupata kadi yenyewe. Na kwa wanaoishi karibu na mpaka, upande wa Longido na Namanga, maswali ya uraia huwa marefu zaidi, kwa sababu ndugu wa boma moja wanaweza kuwa pande zote mbili za mpaka. Hebu fikiria ingekuwa laini ya simu ndiyo kura. Laini ukifungiwa leo, kesho unasajili nyingine. Kura ukiikosa, unasubiri miaka mitano.

Tatizo la "majina yafanane"

Sasa turudi kwenye neno lile. Linaonekana dogo, lakini kwenye vijiji vinavyozunguka Mlima Meru ni kubwa.

Kwanza, majina ya ukoo. Fungua daftari la kituo chochote kati ya Akeri, Poli na Nkoaranga, na utakutana na akina Kaaya, Mbise, Nnko, Pallangyo, Akyoo na Sarakikya ukurasa baada ya ukurasa. Akina Anna Kaaya wanaweza kuwa kadhaa katika kituo kimoja. Jina peke yake halimtambulishi mtu hapa. Picha na namba ndivyo vinavyotofautisha.

Pili, tahajia. Kadi moja imeandikwa Pallangyo, nyingine Palangyo. Nnko inakuwa Nko au Nko'. Kwa familia za Kimaasai, "Ole" mara ipo, mara haipo. Karani aliyetoka mkoa mwingine anaandika anavyosikia, na mwananchi aliyechoka na foleni anatia sahihi bila kusoma.

Tatu, wanawake. Tuseme kuna mama aliyebatizwa Ndeanasia, akaolewa, akatumia jina la mume kwenye kadi ya mpiga kura, akaacha la baba kwenye kitambulisho cha Taifa, na kijijini wote wanamwita Mama Neema. Kadi yake ya kura ikipotea, sheria inampa nafasi ya kutumia NIDA. Lakini majina hayafanani. Msimamizi wa kituo anayefuata maelekezo neno kwa neno atamrudisha, na hatakuwa amevunja sheria. Kitongoji kizima kinamjua, mwenyekiti yuko pale nje amesimama, wakala wa chama ni mtoto wa dada yake, na bado hapigi kura.

Angalia pia vile vitambulisho mbadala vitatu. Leseni ya udereva wanayo zaidi wanaume na vijana wa bodaboda. Pasi ya kusafiria wanayo wachache wa mjini. Kwa mwanamke wa kijijini mbadala ni mmoja tu, NIDA. Kwa hiyo sheria moja, iliyoandikwa kwa usawa, inamgusa kila mtu kwa uzito tofauti.

Kununua shahada: kwa nini wanafanya hivyo?

Kila uchaguzi ukikaribia, vyama hulalamikiana kwamba kuna watu wanapita nyumba kwa nyumba wakinunua shahada za kupigia kura, au wakiandika namba zake. Kuuza au kununua kadi ya mpiga kura ni kosa la jinai. Lakini umewahi kujiuliza mnunuzi anapata nini, wakati kadi ina picha ya mtu mwingine?

Kama kituo kinafanya kazi yake, hapigi kura kwa kadi yako. Anachonunua ni wewe usipige. Anakutoa mchezoni kwa bei ya kilo chache za sukari. Hapo ndipo vitambulisho mbadala vinapokuwa ulinzi mkubwa kuliko vinavyoonekana. Kama aliyeuza au kunyang'anywa kadi anaweza bado kupiga kura kwa kitambulisho cha Taifa, kadi iliyonunuliwa inageuka kipande cha plastiki. Kadiri milango halali inavyokuwa mingi, ndivyo biashara ya shahada inavyokosa faida. Wanaopenda kuona masharti yakikazwa wangeipima hoja hii: kufungua milango zaidi kunaweza kuzuia udanganyifu, si kuuongeza.

Majirani na wa mbali

Kenya, huwezi kuandikishwa bila kitambulisho cha Taifa au pasi, na siku ya kura mashine ya KIEMS inasoma alama za vidole. Mwaka 2022 mashine hizo ziligoma katika vituo vya maeneo ya Kakamega na Makueni, na daftari la karatasi likaruhusiwa. Tatizo lao kubwa ni la kabla ya hapo: kijana wa kaskazini mwa Kenya au wa Pwani alikuwa akihojiwa kupita kiasi ili apate kitambulisho. Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza kufuta mahojiano hayo ya ziada kwa watu wa mipakani. Ni somo kwa Longido.

Uganda nako mashine za kuhakiki wapiga kura zilisumbua katika vituo vingi kwenye uchaguzi wa Januari 2026, na Tume ikarudi kwenye karatasi.

Uingereza ilikuwa haidai kitambulisho kituoni kwa karne nyingi. Sheria mpya ya 2022 ikadai chenye picha, na mara ya kwanza kutumika England, Mei 2023, tume yao ilihesabu watu wasiopungua 14,000 waliorudishwa na hawakupiga kura. Mwaka uliofuata, Boris Johnson, ambaye serikali yake ndiyo iliyoileta sheria hiyo, alifika kituoni amesahau kitambulisho, akarudishwa nyumbani. Akakifuata na kurudi kupiga kura. Yeye nyumbani kwake hakukuwa mbali. Wa Leguruki aliyeacha kadi kwa binti yake Usa River hana bahati hiyo, maana vituo hufungwa saa 10 jioni.

Meza isipouliza

Lipo jambo moja ambalo mjadala wote wa vitambulisho huliruka. Kadi ina faida pale tu mtu aliyekaa mezani anapoidai, na watu wanaomtazama wanapoweza kusema hapana.

Uchaguzi mkuu wa Oktoba 29, 2025 tunaukumbuka sote. CHADEMA, chama chenye mizizi mirefu Arusha, hakikuwemo kwenye karatasi ya kura. Yalitokea maandamano katika miji kadhaa ikiwemo Arusha, watu wakapoteza maisha, intaneti ikazimwa. Baadaye Tume ilitangaza kuwa waliojitokeza ni asilimia 87 ya walioandikishwa. Ujumbe wa waangalizi wa Umoja wa Afrika, katika taarifa yake ya awali, ulisema ulishuhudia dosari, zikiwemo baadhi ya wapiga kura kupewa karatasi zaidi ya moja na wengine kuruhusiwa kupiga kura bila kuhakikiwa kwenye daftari. Serikali ilisema uchaguzi ulikuwa huru na wa haki, na baadaye Rais akaunda tume ya kuchunguza vurugu chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman.

Hatuingii hapa kwenye kuhukumu uchaguzi ule. Tunachosema ni hiki: walichokieleza waangalizi hakitibiwi na kadi mpya. Kama tatizo ni kutohakiki, basi hata tukiwa na kitambulisho cha dhahabu hakitasaidia. Dawa yake ni mawakala wa vyama vyote ndani ya chumba, waangalizi wanaoachwa wafanye kazi, na fomu za matokeo zinazobandikwa ukutani na kusomwa na kila mtu. Kitambulisho kinamzuia mwananchi mmoja asidanganye. Hakimzuii msimamizi.

Kipi kingesaidia

Ukipima hoja za pande zote, mambo matatu yanajitokeza.

La kwanza ni muda. Sheria inaitaka Tume iboreshe daftari mara mbili kati ya uchaguzi mkuu mmoja na mwingine. Safari iliyopita zoezi lilianza Kigoma Julai 2024, likafika Arusha Desemba mwaka huohuo, na awamu ya pili ikafanyika katikati ya 2025. Yaani mara zote mbili zilibanwa ndani ya mwaka mmoja na ushee wa mwisho, na kila eneo lilipewa siku zisizozidi wiki moja kwa awamu. Mfugaji aliyekuwa malishoni wiki hiyo, imempita. Ofisi ya kata ingeweza kupokea marekebisho mwaka mzima.

La pili ni majina. Tofauti ya herufi moja, picha na tarehe ya kuzaliwa vikiwa sawa, isimnyime mtu kura. Mawakala wa vyama wakikubaliana kituoni kwamba huyu ndiye, iandikwe kwenye fomu na apige.

La tatu ni mhuri. Barua ya mtendaji au mwenyekiti inapokuwa ndiyo mlango wa kupata kitambulisho, lazima kuwe na pa kwenda akikataa, na jibu lipatikane kwa siku, si kwa miezi. Pemba ya 2009 ilitufundisha gharama ya kukosa mahali hapo.

Wewe ufanye nini sasa

Usisubiri 2029 au 2030. Kijana aliyeko sekondari leo anaweza kuwa mpiga kura mpya wa uchaguzi mkuu ujao.

Toa kadi ya mpiga kura na kitambulisho cha NIDA, viweke mezani, ulinganishe herufi kwa herufi. Kama havifanani, anza kurekebisha upande wa NIDA sasa, na upande wa daftari zoezi likija.

Kama umehama, hata kutoka Ngaramtoni kwenda Maji ya Chai, taarifa zako za kituo zinahitaji kuhamishwa. Usijiandikishe upya kana kwamba ni mara ya kwanza. Kujiandikisha mara mbili ni kosa, na adhabu yake ni faini ya shilingi 100,000 hadi 300,000, au kifungo cha miezi sita hadi miaka miwili, au vyote viwili.

Daftari la awali likibandikwa, nenda ukalisome. Tafuta jina lako, kisha tafuta la jirani aliyefariki. La kwanza likikosekana au la pili likiwepo, toa taarifa kituoni hapohapo.

Usimpe mtu kadi yako wala namba yake, hata akija na daftari la msaada wa chakula.

Na mzee wa nyumbani asiyejua kusoma, mkalie chini umsomee alichoandikiwa. Dakika tano za jioni moja zinaweza kumwokolea kura ya miaka mitano.